Binti Majivu

Mwitongo, Butiama

Mpendwa Baba,

Kuna sauti imekaa nami wiki nzima: maziwa yakiingia kwenye ndoo bila mlio, kwa sababu ndoo imejaa povu. Shikamoo, Baba. Mguu unaendeleaje? Natumaini huko Bweri kaka Gibson anakutunza, nawe unamtii daktari. Hapa nyumbani tu wazima, ila mimi nimeshindwa kutulia.

Unamkumbuka mtamba wetu aliyekata kamba akapandwa na Majivu, lile dume dogo la Mzee Mwikwabe? Ulinuna kutwa. Gibson akasema Majivu anafanana na mbuzi aliyefiwa. Ndama aliyezaliwa ulikataa kumpa jina, Mama akamwita Binti Majivu. Basi Binti Majivu amezaa, Baba! Nyasi zimekauka, naye anajaza ndoo, na ndama wake anashiba!

Mabinti wa dume lako Shaba wanakula nyasi zilezile. Wana rangi, wana pembe, na kwenye mahari ndio wanaochaguliwa kwanza. Lakini maziwa yao hulia kwenye kitako cha ndoo mpaka mwisho. Ulikuwaga unasema dume huangaliwa pembe. Miaka yote tumechagua pembe, na pembe tumezipata. Kila kiangazi tunazika ndama.

Nilimwendea Mzee Mwikwabe kumwomba Majivu apande ng'ombe wetu. Alicheka mpaka akakohoa, akauliza tangu lini wenye pembe wakamtafuta Majivu. Kisha akakubali kutuazima msimu huu, mradi zizini pasiwe na dume mwingine, maana Shaba angemuua. Binti Majivu nitamtenga, asipandwe na baba yake.

Nilijua ungesema tungoje urudi. Nilijua pia kwamba ukirudi utamkumbatia Shaba shingo, nami nitakosa maneno. Mama alinionya kwamba dume hahasiwi mwenye zizi akiwa hayupo. Ni kweli, na bado juzi nilimwita bwana mifugo, kamba nikaishika mwenyewe. Shaba sasa ni maksai. Alinguruma mara moja, halafu akarudi kula. Nimemfunga karibu na nyumba mpaka apone. Msimu wa kulima atakuvutia plau.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mama hakushika kamba.

Msalimie Gibson na wifi Prudence. Aliyeleta barua hii amebeba na chupa ya maziwa mgando ya Binti Majivu. Yaonje kwanza, ndipo unijibu.

Mwanao,
Wegesa