Mate ya Kumbariki Gavana

Jumatatu, 5 Septemba

Mbuzi wamekunywa. Chai ya rangi, maziwa mke wangu amepelekea kwaya. Goti la kulia bado linalia. Gavana mpya ameshaapishwa mjini na wiki ijayo anakuja hapa soko la Tulia kusalimia watu. Vizuri. Koo langu liko tayari.

Nijiandikie, maana hakuna mwingine wa kuniandikia: tangu wilaya igeuzwe kaunti, kila gavana aliyefika soko hili amebarikiwa na mate yangu. Wa kwanza, viganja viwili. Aliyefuata, viganja na paji la uso. Ndiyo desturi yetu Wakamba. Mzee anakutemea kidogo tu, pfu, na maneno mazuri juu yake, kazi yako inanyooka. Enzi za DC hatukutema. DC hakuomba baraka, alikuwa na askari. Babangu alimvulia kofia, na DC hata hakumwona.

Magavana wanakuja na kwenda. Mimi niko.

Jumatano, 7 Septemba

Kikao cha kamati ya mapokezi kwa chifu. Nimerudi na hasira.

Nzioka ndiye atatema. Nzioka! Mume wa dada yangu Kalekye, mtu wa Kwa Vonza, mtu aliyerudia darasa la tatu nikimtazama. (Mimi niliishia la nne, lakini kwa heshima.) Sababu? Meno. Ati mimi nimebaki na manne na hayajuani. Ati mara ya mwisho mate yalimpita gavana yakamfikia mlinzi wake. Ni kweli. Lakini mlinzi naye si mtu? Hahitaji baraka?

Nzioka ana meno mapya, meupe, mdomo mzima, kama punda anayecheka. Yalinunuliwa na binti yake Mwikali aliyeolewa Kasikeu. Meno ya kununua! Baraka za mababu zimepewa meno ya dukani.

Namwonea wivu. Niandike wazi. Wivu mpaka masikioni.

Alhamisi, 8 Septemba

Mazoezi nyuma ya zizi. Nimemtemea beberu. Ya kwanza yalienda kushoto. Ya pili yamenirudia kwenye shati. Beberu amesimama tu, ana subira kuliko kamati.

Mbithe, mke wangu, ameniona kutoka jikoni.

"Baba Muli, sasa umeanza kubariki mbuzi? Huyo anagombea kiti gani?"

Nikarudia kutema. Mke wangu ni shemasi, mambo ya mate haamini. Anasema pasta ataomba na inatosha. Pasta akipata moto hutema kuliko mimi, safu mbili za mbele zinalowa. Lakini yeye anaitwa mhubiri.

Jumamosi, 10 Septemba

Siku ya soko. Nzioka amekuja kupimwa shuka na kofia ya manyoya. Watu wanamwita Mzee wa Gavana. Jina langu hilo! Nimelivaa mpaka likanizoea. Hotelini amepewa kiti cha ukutani, nami nimepewa benchi ya mlangoni, vumbi na nzi.

Akanisalimia vizuri, kwa adabu ya shemeji. "Shemeji, umeamkaje? Nyumbani?" Akacheka, meno yote nje.

Nilimwombea aumwe na jino. Kisha nikakumbuka hayawezi kuuma. Nikaona wivu mara ya pili.

Jumatano, 14 Septemba

Nimepata dawa yake.

Mzee mwenye neno na mtu hawezi kubariki. Mate yakipita kwenye kifua chenye kinyongo yanageuka kiumo, laana yetu, na kiumo hakina dawa hospitali. Ndiyo maana siku yenyewe, kabla ya kutema, chifu huuliza mbele ya watu wote: kuna mwenye neno na mzee huyu? Akisimama mtu, mtemaji anakaa chini mpaka wasafishane.

Mimi nina neno. Nitasimama. Nimelala mchana nikicheka peke yangu. Mbithe ameuliza kama nina homa.

Alhamisi, 15 Septemba

Niandike yote kabla mkono haujakataa.

Hema, spika, watoto wa shule, akina mama wanaimba. Gavana amechelewa kama magavana. Chifu akauliza swali lake. Nikasimama. Goti likalia, nadhani hata spika ilisikia. Nikafungua mdomo.

Nzioka akawahi. Alivua ile kofia ya manyoya.

"Watu wetu," akasema, "kazi hii ni ya huyu. Mimi nimeazimwa tu. Shemeji, nitemee mimi kwanza, ndipo nimtemee gavana."

Akaninyoshea viganja viwili. Watu wakapiga makofi. Akina mama vigelegele. Gavana mwenyewe anatabasamu.

Ningefanya nini? Niseme kifua changu ni kibaya, mbele ya gavana na spika imewashwa? Nikatema. Maneno yalikuwa mazuri: afya, watoto, mvua. Ndani nyuki watupu. Na ajabu ni hii: kwa mara ya kwanza tangu meno yaniache, mate yalienda sawasawa. Katikati ya viganja. Hakuna tone lililopotea.

Nzioka akasugua mikono, akamgeukia gavana, akamshika mikono, akatema. Gavana akafumba macho, akasema Amina. Picha nyingi. Mimi simo hata moja.

Ijumaa, 16 Septemba

Sijacheka leo.

Jumatatu, 19 Septemba

Kalekye amepiga simu. Nzioka alikwenda Kasikeu kwa Mwikali kusaidia kupura mbaazi. Ameanguka uwanjani. Homa, kifua kimebana, maneno hayatoki vizuri. Wamempeleka zahanati, wamempa dawa, amerudishwa nyumbani kwa Mwikali.

Kifua. Si mguu, si tumbo. Kifua!

Nimekaa zizini na kuwaza. Nilimtemea viganjani. Kwa viganja hivyo alimshika gavana. Kama mate yangu yalikuwa mabaya, basi yamepita kwa Nzioka yakafika kwa gavana, na kwa gavana yamefika kila kata. Miaka mitano ya kaunti nzima imekwama kooni mwangu. Mvua isiponyesha, ni mimi. Barabara ikikatika, ni mimi.

Lakini hao wengine wana daktari na wabunge. Dada yangu ana mume mmoja.

Naogopa.

Jumanne, 20 Septemba

Nimemwambia Mbithe. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho na leso.

"Ni vumbi la mbaazi na uzee, Baba Muli. Mungu aache kazi yake asikilize mate yako? Unajifanya mkubwa."

Baadaye nimemkuta anakunja sweta yangu, ile nzito, na kufunga mahindi na kunde kwenye mfuko.

"Lakini uende," akasema. Hakuwa anacheka tena.

Jumatano, 21 Septemba

Kasikeu. Nimefika saa saba, mgongo umekatika vipande.

Nzioka yuko kitandani, meno yake kwenye kikombe juu ya meza. Bila meno amekuwa mzee kama mimi, pengine kunizidi. Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Kalekye na Mwikali walipotoka kupika chai nikamwambia, bila kupamba. Nilikuonea wivu. Nilisimama ili nikuaibishe. Nilikutemea kifua kikiwa kibaya. Nimekuja uchukue neno lako uniseme unavyotaka.

Nilihesabu mabati ya paa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Yalienda sawasawa. Wewe ukiwa na furaha hutema kama kuku anayeoga vumbini."

"Mbona ukapokea?"

"Ningefanyaje, shemeji? Spika ilikuwa imewashwa."

Nikamwuliza habari ya gavana. Akasema alipangusa viganja kwenye suruali kwanza, kwa hiyo gavana alipata mate yake tu, kaunti ilale salama. Halafu akakohoa sana, nikamshika bega. Alipopata pumzi akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba miaka yote niliyotema mimi, yeye alikuwa nyuma ya umati, akitamani nikosee. Kwamba siku ile mlinzi alipolowa, alicheka njia yote mpaka Kwa Vonza. Kwamba ni yeye aliyeiambia kamati habari ya meno.

Mbwa huyu!

Nikamwangalia. Naye akaniangalia. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, mikavu. Akaifungua.

"Sasa nitemee vizuri."

Nilijikagua kwanza. Kweli nilijikagua, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Nyuki hawakuwepo. Labda mmoja. Nikamfukuza. Nikasema maneno machache, si yale ya spika. Nikasema apone, amrudishe dada yangu nyumbani, tuzeeke tukitukanana. Nikatema.

Yaliruka kwenye blanketi, kwenye ukuta, na kwenye mkono wa Mwikali aliyekuwa anaingia na chai.

"Aiya, mjomba!"

Nzioka alicheka mpaka nikaogopa atakufa na hilo.

Alhamisi, 22 Septemba

Bado ana homa, lakini ndogo. Uji amekunywa nusu bakuli. Dawa anazimeza akilalamika.

Nimekaa na Kalekye kivulini tukichambua mbaazi. Hatujakaa hivi tangu mama afariki. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Nadhani Nzioka alimwambia, maana kila mara ananitazama mdomo na kutabasamu, halafu anaangalia kando.

Redio ya jirani inasema habari za gavana. Hajamaliza mwezi kitini, na wanabishana nani atamfuata. Kalekye amesema watu hawana kazi. Zamani ningejipigia hesabu ya nani atamtemea huyo.

Kutoka ndani Nzioka amekohoa mara mbili, kisha kimya. Kimya kirefu. Nimeacha mbaazi nikaenda kuangalia. Amelala tu, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka.

Nimevuta kiti. Nimekaa.