Shangazi Amekufa na Bado Anachora, Nimmalizie?

Mama Leimalo mpendwa, naomba unisaidie kabla kidole changu hakijafanya jambo, maana nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi na kitufe kipo palepale, na kila nikienda kuchemsha chai najikuta nimerudi kabla maji hayajachemka. Jina langu usilitaje, watu wa kisiwa cha Ambrym tulioko hapa mjini Port Vila tunajuana wote.

Kazi yangu ni kuandika programu. Tunajenga mtambo unaoitwa Nakato, ni wa blokcheni, yaani daftari ambalo halikai mahali pamoja, kila mwanachama ana nakala yake kwenye simu, na kilichoandikwa humo kimeandikwa, hakuna chifu wala waziri wa kukifuta. Jamii zinajenga mambo yao juu yake, akina mama wa kisiwa cha Pentecost wameandikisha mikeka yao, watu wa Tongoa mbegu zao za viazi vikuu, na sisi wa kijiji chetu tumeandikisha mipaka ya mashamba ya kaya thelathini, kwa sababu kila kimbunga kikipita alama zinaondoka na watu wanaanza kushikiana mapanga. Watu saba walipewa funguo, na mpaka hausogezwi mpaka wanne wao wakubali. Mmoja wa hao saba alikuwa shangazi yangu Rolin, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita.

Mwanzoni ufunguo ulikuwa maneno kumi na mawili ya kuandika kwenye karatasi, kimbunga kikaja kikachukua karatasi, nusu ya watu wakafungiwa nje. Basi toleo la tatu la Nakato lilipotoka mwaka jana likaruhusu kila jamii ichague njia yake ya kufungua, na mimi, mama, mimi mwenyewe kwa kichwa changu, nikasema tutumie michoro yetu ya mchangani, ile ya mstari mmoja, kidole hakiinuki mpaka kirudi kilikoanzia. Simu inakuonyesha nusu ya mchoro, wewe unamalizia nusu iliyobaki. Wenzetu wa kazi walioko Auckland walipiga makofi, wakasema hawajaona ufunguo mzuri kama huo.

Nilipoupeleka kijijini watu walicheka wakagombania simu, isipokuwa mzee Tainmal, anayejua michoro mingi kuliko wote. Yeye aliitazama tu.

"Inakuonyesha nusu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na asiyejua kumalizia?"

"Haimfungukii."

"Nani amewafundisha kufanya hivyo?"

"Hakuna, mzee, tumebuni wenyewe!" nikamjibu huku nacheka. Aliinuka akaenda zake, na kinywaji chake cha kava akakiacha kwenye kifuu. Wewe ni wa Paama, kisiwa jirani, mama, huna haja ya kuelezwa. Sote tumesimuliwa tukiwa wadogo habari za yule mwanamke anayekaa kwenye njia ya wafu, anakuchorea mchangani, anafuta nusu, anakwambia malizia, na asiyejua kumalizia anamla. Ndicho nilichokijenga, na sikukiona mpaka nilipokuwa kwenye ndege ya kurudi.

Sasa sikia kosa langu lenyewe. Wazee wengi vidole vyao vina sugu na simu zao zimepasuka vioo, wakawa wanakosea, basi nikaongeza msaada, ukifika kona ya tano mtambo unakumalizia wenyewe. Watu wakafurahi, malalamiko yakaisha. Shangazi akaja mjini kutibiwa macho, akawa anakaa uani kwangu kila asubuhi, na siku moja nikamsikia ananiita, amechora kaa wa nazi kwenye mchanga, ndio mchoro wa ufunguo wake, amekwama kona ya tano.

"Mwanangu, njoo unikumbushe hapa. Zamani nilikuwa napita nimefumba macho."

Mimi nilikuwa kwenye kikao na watu wa Auckland, nikamwambia, "Shangazi, usijisumbue, simu itakumalizia."

"Simu nitakwenda nayo?"

"Utakwenda nayo," nikasema, tukacheka wote wawili, akafuta mchanga kwa kanga yake, na hakuniuliza tena.

Mwezi wa tano akafariki. Nilimvisha mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, niliiweka simu yake mkononi mwake ndani ya mkeka, ijapokuwa binamu yangu Tokon, mwanawe, alininong'oneza, "Dada, iache, bado nzima hiyo." Niliporudi mjini niliandika kifo chake kwenye daftari na kumwondolea ule msaada, kama kanuni zinavyotaka kwa marehemu. Kiti chake miongoni mwa wale saba hakijafungwa, kwa sababu kwetu mambo ya marehemu hayaguswi mpaka siku ya mia.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi mtambo ukaniletea taarifa kwamba Rolin amejaribu kufungua. Saa tatu na robo asubuhi, jua linawaka, watoto wa jirani wanacheza mpira. Nikadhani ni hitilafu. Kesho yake tena, saa ileile, na keshokutwa, na leo ni siku ya hamsini na nane tangu tumzike, hajakosa hata siku moja isipokuwa Jumapili. Shangazi hakuwahi kugusa kazi Jumapili.

Mwenzangu wa ofisini, Jelina, aliniambia, "Mwizi huyo, amefukua simu, mpigie binamu yako." Nikampigia Tokon, nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kaburini.

"Kaburi liko vilevile?"

"Liko vilevile, dada. Litakwenda wapi? Una nini wewe?"

"Hakuna aliyechimba?"

"Nani achimbe? Mawe yote niliyapanga mimi. Mlima wa volkano umetumwagia majivu wiki hii, unyayo wa mtu ungeonekana." Nikasikia anafungua mlango, anatoka nje. "Ila juu ya kaburi majivu yamechorwachorwa. Nadhani ni kuku."

Mtambo huwa unatunza njia ya kidole, mama, ili tujue watu wanakosea wapi. Nikaifungua ya kwake nikaitazama. Inaanza polepole, inasimama kona ya tatu kama alivyokuwa akisimama yeye kupuliza vumbi, inaendelea, inafika kona ya tano, inatulia. Haikosei. Haiendi kushoto wala kulia. Inasubiri imaliziwe. Siku za mwanzo alikuwa anasubiri dakika mbili anaacha, Jumanne hii amesubiri dakika arobaini, na jana mstari ulianza kutetemeka mwishoni kama wa mtu aliyechoka, au wa mtu anayeharakishwa.

Kwenye skrini yangu kuna kitufe cha kumalizia, nilijiwekea wakati wa kujaribu mtambo. Nikikibonyeza anapita. Lakini nikikibonyeza mtu aliyekufa atakuwa ametia sahihi kwenye daftari ambalo halifutiki, na kama Jelina ndiye mkweli, nitakuwa nimemfungulia mwizi mashamba ya kaya thelathini. Nisipobonyeza na yuko pale kweli, mbele ya yule mwanamke, itakuwaje? Mimi ndiye niliyemwambia asijisumbue. Silali, sili, laplap aliyoniletea Jelina imechacha mezani. Nibonyeze au nisibonyeze?

Ni mimi niliyekosa, Port Vila.

*

MAMA LEIMALO ANAJIBU

Usibonyeze. Toa mkono hapo, zima hiyo kompyuta, ndipo uendelee kusoma.

Pole, binti yangu. Nimesoma barua yako mara tatu na mara ya tatu niliisoma nimesimama, kwa hiyo usidhani nakuona una wazimu. Ulimpenda shangazi yako, hilo halina ubishi, na mtu aliyefiwa huona mengi. Lakini nitakugombeza, maana hakuna mwingine wa kukugombeza, wote ofisini kwenu ni wa kupiga makofi tu.

Umezika simu! Yenye ufunguo wa mashamba ya kaya thelathini! Na juu ya hapo umejiwekea kitufe chako cha siri cha kumwingiza yeyote unayemtaka, halafu unawaambia wanakijiji kwamba daftari lao halichezewi na mtu, hata waziri. Wewe ni nani, binti? Wanakijiji wakijua hilo, mzee Tainmal hatakunywa tena kava mahali ulipokaa. Kifute hicho kitufe leo, Jelina akiwa pembeni anatazama, na uwaambie wenye funguo sita waliobaki kwamba kilikuwepo. Waambie kwa mdomo wako. Watakasirika, wana haki.

La pili. Unasema kiti cha marehemu hakiguswi kabla ya siku ya mia, na hiyo ni adabu, siibishi. Lakini kutundika jani la namele si kugusa, ni kukataza wengine wasiguse, na babu zenu walitundika hata kwenye nyumba ya maiti. Wakusanyike wanne, waandike katazo kwenye kiti cha Rolin, lisomeke kwenye kila nakala. Kama ni mwizi, atakuta mlango umefungwa na mashamba yatakuwa salama. Hapo suala la mwizi limekwisha, na sitaki ulitumie tena kama kisingizio cha kukaa kwenye kiti ukitazama mstari.

Sasa kama si mwizi. Sitakudanganya kwamba najua. Simu inayokaa na chaji siku hamsini na nane chini ya ardhi mimi sijaiona, na kuku anayechora kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi simjui. Lakini fikiri kidogo, wewe uliyesoma. Kitufe chako kinafungua nini? Kinafungua daftari. Ukimmalizia kwenye skrini, mlango utakaofunguka ni wa mashamba ya kijijini, naye hahitaji shamba. Kule alikosimama, kama amesimama, hawaulizi mtambo unajua nini. Wanauliza kidole chako kinajua nini. Utambonyezea, atashukuru, atageuka kumtazama yule mwanamke, na mchoro utakuwa bado una nusu.

Alichokuomba kilikuwa kidogo sana. Alikuomba umkumbushe kona moja, mchangani, asubuhi, ukiwa umekaa karibu yake. Hilo bado linawezekana. Panda ndege uende Ambrym, siyo mwezi ujao, wiki hii. Mpelekee Tokon mchele na mzee Tainmal tumbaku, na kabla hujafungua mdomo juu ya Nakato mwambie mzee kwamba aliuliza swali la haki na ulimcheka. Halafu asubuhi kaa kaburini kabla ya saa tatu na robo, sawazisha majivu kwa kiganja, na umchoree shangazi yako kaa wa nazi mzima, polepole, ili aone. Ukifika kona ya tano punguza mwendo zaidi. Ukimaliza usiufute. Rudia kesho yake, na kesho yake tena, mpaka Tokon akwambie majivu yamelala bila alama. Jumapili kaa kanisani.

Nilipofika hapo, binti, kalamu yangu ikasita. Kwenye barua yako nzima umeniandikia kuhusu kidole cha Rolin, na mtambo, na kitufe, na Auckland. Hukuandika hata mara moja kwamba wewe unaujua mchoro huo. Alikuita umkumbushe, ukasema uko kwenye kikao. Nakuuliza sasa hivi, na unijibu wewe mwenyewe si lazima uniandikie: kungekuwa hakuna kikao, ungeinuka ukamwonyesha nini?

Ndiyo maana nimesema tumbaku kwa mzee Tainmal. Kwanza atakufundisha wewe. Mwambie asikuonee huruma, akufutie kila ukikosea, hata kama zitapita siku kumi. Na ule msaada wa kona ya tano uondoe kwa watu wote, wapige kelele wanavyotaka. Wakikosea wakae chini waulizane, kama walivyokuwa wakifanya kabla hujawarahisishia.

Usione nimekuwa mkali kama mtu asiyekosea. Nilipomaliza kusoma barua yako mara ya tatu nilimwaga unga kwenye meza ya jikoni, nikausawazisha, nikaanza ule aliotufundisha mama yangu, watoto wanne tumekaa mstari mmoja Paama. Kidole kilikwenda vizuri kabisa mpaka kwenye mpindo wa pili, kisha kikasimama. Nilisimama pale mpaka mume wangu akaja kuuliza chakula kiko wapi. Katika wa kwetu wanaoujua amebaki dada yangu mkubwa, ana miaka themanini na mbili na kifua kinamsumbua. Nimekata tiketi ya Alhamisi.