Udongo wa Keremkerem

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nimeona dhahabu.

Namba yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia barua hii, labda huko machimboni mtu atakusomea. Jina la bwawa silitaji. Wewe hulihitaji. Ni pale kwenye msitu mdogo wa mjini tulipokuwa tukienda Jumapili tukitoka kanisani, tukiegemea mti uleule na kutulia mpaka ndege watusahau.

Unakumbuka ulivyonitania? Nilikuwa nimejibana nisisikike, ukaninong'oneza, "We Bhoke, unapumua kama ng'ombe aliyepanda mlima." Nilicheka bila sauti mpaka machozi yakanitoka, na korongo aliyesimama majini hakugeuka. Maji yalikuwa yametulia mno, nikashindwa kujua korongo yupi ni wa kweli na yupi ni kivuli chake. Niliposinzia, niliota tumekaa chini ya bwawa, sisi ndio tunaotazamwa.

Shule nimemaliza, nasubiri matokeo, na sasa naenda peke yangu. Keremkerem, wale ndege wa kijani wanaokula nyuki, bado wanachimba vishimo vyao kwenye ukingo wa bwawa. Juzi mmoja alikuwa akisukuma udongo nje kwa miguu, unadondoka taratibu kama unga kwenye chekecheke. Kitu kikang'aa ndani yake. Nikakumbuka ulichonifundisha ulipokuja Krismasi, kwamba mawe ya uongo hung'aa juani tu. "Dhahabu haizimi kivulini," ulisema. Nikakifunika kwa kiganja, nikachungulia.

Hakikuzima.

Rashi, watu wanavyomiminika dhahabu ikisikika, ninaijua kwa maneno yako mwenyewe, jinsi kilima kizima kilivyogeuka mashimo kabla mahindi hayajakomaa. Na kwenye ukingo huu kila kishimo kina mayai.

Mama bado anakupakulia chakula kila Jumapili, anakifunika, kisha jioni ananiambia nikile mimi. Sijawahi kukimaliza. Najua nikikutumia neno moja tu kwamba ipo, utakuja upesi, na sululu begani. Nimelala na neno hilo mdomoni, nimeamka nalo. Kile kipande nilikirudisha udongoni, nikakifukia. Lakini kukuficha wewe, uliyenifundisha kutulia, nimeshindwa.

Basi njoo, kaka. Njoo mikono mitupu, tuegemee mti wetu mpaka watusahau tena. Wenzako wakikuuliza umeitiwa nini nyumbani, waambie dada yako ameona ndege. Usiongeze neno. Na wewe unayemsomea, tafadhali, ukiulizwa, sema hivyohivyo.

Mdogo wako,
yule anayepumua kama ng'ombe