Mdai Mkweo Jogoo

Turiani, kambini

Mama yangu,

Shikamoo mama. Najua unaitikia huku umeinamia jiko, kwa hiyo nakusubiri umalize kupuliza moto. Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko, bado unalala na soksi za marehemu baba? Huku kwetu ni joto na masizi. Wakichoma shamba moja la miwa, nguo zote za kambi zinabadilika rangi kwenye kamba. Mimi sijambo. Neema naye hajambo, amerefuka, na anakula kama mkata miwa.

Fausta mdogo wangu, wewe unayesoma, msomee mama polepole, jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Shemeji yako Lameck asiwepo. Akitokea, rudia habari za Neema na masizi mpaka aondoke.

Mtajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, simu yako siku hizi siiamini. Tangu Lameck afunge ile sola na kujipa kazi ya kuichaji, kila nikipiga anapokea yeye. "Subiri nimpelekee mama." Halafu nasikia mwangwi, najua ameweka sauti ya nje na yeye amekaa hapohapo anachambua maharage ambayo hajawahi kuyachambua maishani mwake. Ndiyo maana barua hii nimempa Mwanaidi, jirani yangu wa chumba cha pili. Anakwenda kwao Mlali, atamkabidhi Fausta sokoni siku ya kushusha kabichi.

Sasa nisikilize. Mume wangu alipokuja kunitembelea alikaa wiki nzima, na wiki hiyo nilikonda kwa wasiwasi. Lameck ninayemjua mimi akiwa na kiu anaita maji, hata kama ndoo iko karibu na mguu wake. Huyu aliyekuja alichota maji bombani. Akapika. Akafua ovaroli yangu mpaka masizi yakatoka. Wanawake wa kambi walijipanga milangoni kumtazama kama vile bibi harusi anapita.

"Tekla, umemlisha nini huyu?" wakaniuliza.

"Sijamlisha kitu."

"Basi," akasema Mwanaidi, "kuna kitu anataka kukulisha wewe."

Tukacheka, lakini neno lile halikunitoka. Na nilikasirika pia, mama. Mimi nachota maji tangu meno ya utotoni na hakuna aliyewahi kutoka nje kunitazama.

Nikajua ni mwanamke. Mwanamume akianza wema ghafla, ana mahali anakosea. Alipokwenda kuoga nikapekua begi lake. Msinicheke. Nilikuwa natafuta kanga ya mtu. Nikakuta kisu kidogo chenye makali ya wembe, na utepe wa plastiki, ule ambao kwao Njombe wanafungia miche ya parachichi wakishaiunganisha.

Alipotoka bafuni nikamwonyesha. Wala hakushtuka.

"Ni miche tu, mama Neema. Parachichi. Nimeshaipanda, imeshika vizuri."

"Umeipanda wapi?"

"Pale mteremkoni, juu ya mfereji. Kwenye shamba letu."

Mama, juu ya mfereji ni kwako. Ni pale alipolima bibi, na kabla yake mama wa bibi. Mume wangu hana "letu" pale.

Wewe ndiye uliyenifundisha haya, nami nakurudishia kama ulivyonipa. Mume aliyehamia kwa mkewe apande mahindi, apande maharage na njegere, kwa sababu vikishavunwa vimekwisha. Mti hauna kwisha. Mti unabaki pale miaka na miaka ukimwita aliyeupanda, na kesho watu husema shamba la fulani. Ndiyo maana mkwe huomba kwanza. Na ndiyo maana kila baada ya mavuno huleta jogoo wa ngoto, ile ada ya anayelima ardhi ya wenyewe. Jogoo si kitu, hata mchuzi wake hautoshi watu watatu. Lakini akimweka mlangoni mwako amesema mbele ya majirani: shamba hili si langu, nimekaribishwa.

Halafu wewe mwenyewe ukaniambia kwenye simu, unacheka, "Mkwe wangu nimemwambia mambo ya jogoo aache. Huyu ni mwanangu, mtoto haleti ngoto." Na sauti ya nje iko wazi! Mama, siku hiyo ulinimaliza. Najua ulisema kwa upendo. Lakini upendo ule ndio uliong'oa mpaka wa shamba, na yeye aliusikia vizuri kuliko mimi.

Nilimbana Lameck mpaka naye akapandisha sauti. Akasema, "Nimelima kwenu miaka yote hii. Nikifa leo mnanizika, kesho hata tuta moja halina jina langu. Mimi ni mume au ni kibarua?" Nikamuuliza dada zake kule Njombe walipewa nini baba yao alipokufa. Hawakupewa hata shimo la kupanda ndizi. Basi kwao mwanamke hana shamba, kwetu mume hana shamba, naye anaona uonevu huu wa pili tu. Ila kwao na kwetu ukienda asubuhi kutazama nani ameinama na jembe, utakuta ni mwanamke.

Na usiniambie mjomba atatulinda. Watu wa mjini wanatusifu kwamba Waluguru ardhi yao ni ya akina mama. Ni ya akina mama, lakini kikao ni cha wajomba. Nasikia mjomba Kolumba ameezekewa jiko upya, na fundi alikuwa Lameck. Labda ni wema tu. Mimi wema siuelewi tena.

Hata kazini wema umeniponza. Nyapara wetu hutusifu wanawake kwamba tuna mikono mipole, hatuvunji vipando, ndiyo maana yeye hutuweka kwenye kupanda na palizi. Walipotafuta watu wa kujifunza trekta nikaenda. Akaniambia, "Dada yangu, wewe kwenye palizi ni tegemeo letu." Trekta akapewa mwanamume aliyefika juzi. Tangu hapo mtu akinisifu nashika mfuko.

Mama, naomba jambo moja. Usigombane naye, wala usiguse miche. Maharage yakishavunwa, mwite Lameck uani, mjomba akiwepo na majirani wakiwepo, umwambie kwa sauti: mkwe, mwaka huu nataka jogoo wangu. Basi. Usieleze, usiombe radhi, na akikupa kitenge badala yake usipokee. Akimleta, miche ibaki, ale parachichi mpaka azeeke, na mimi nitakuja kuimwagilia kwa mikono yangu. Asipomleta, Fausta anajua jembe liko wapi. Miche ing'olewe ingali laini, kwa sababu shamba lile baada yako ni letu mimi na Fausta, na baada yetu ni la Neema.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa yake ya kifua nimeshaipata. Nisalimie majirani wote wa kule mferejini. Mjomba Kolumba msalimie pia, na umtazame usoni unapomsalimia.

Kwa mume wangu usipeleke salamu zozote, atajua nimeandika. Lakini nikwambie ukweli. Usiku ule wa mwisho alimbeba Neema mgongoni mpaka akalala, akimwimbia nyimbo za kwao, na nilimpenda mama, nilimpenda kama mwanzo. Mimi miti siiogopi. Naogopa siku utakayosimama uani na kumdai, nijue nimeolewa na nani. Kila jioni namuomba Mungu jambo ambalo sijawahi kusikia mke akiliomba: mume wangu aonekane anapanda mlima, kwapani ana jogoo.

Mwanao,
Tekla