Kidoa Nilichokifuta Kwenye Picha ya Ini la Mama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla mama hajaniita tena dirishani. Mimi ni mpiga picha, nina studio yangu, kazi yangu ni kuwatoa watu chunusi na makovu pichani mpaka wenyewe wanajishangaa, isipokuwa mama, ambaye hataki nimguse hata baka la shavuni, husema, "Niache nilivyo." Sasa mama ana saratani ya ini, anasubiri upasuaji, na hospitali walinipa nakala ya picha zake za CT scan, nikazifungua studio mchana mmoja, feni inazunguka, pazia linapumua, ini la mama likatokea kwenye kompyuta, la kijivu, kama wingu linalopita taratibu, nikalitazama hata nikasahau niko wapi, kulia uvimbe tunaoujua, kushoto kidoa ambacho daktari alisema bado hakielewi, huenda si kitu, huenda ni saratani pia, anataka kipimo kingine cha MRI ndipo ajue akate wapi na abakize nini, na mkono wangu ukaenda wenyewe, mshauri, kidoa kikayeyuka kama chunusi ya bibi harusi. Nikaichapisha nikampa mama. Ameibandika dirishani, mwanga ukipita anatabasamu, anasema, "Mwanangu, uvimbe ni huu mmoja tu, MRI ya nini tena?" Jana kakataa kwenda. Naogopa kumwamsha kwenye ndoto hii tamu. Nifanyeje?

Mpiga picha

Mwanangu mpiga picha, pole. Hata mimi, kwa kusoma barua yako tu, nimeuona mwanga wa hilo dirisha, na ni mzuri kweli. Lakini acha mchezo! Umefuta wino tu, kidoa kiko palepale tumboni. Pengine ni kifuko cha maji kisicho na madhara, nawe umemnyima mama habari njema. Pengine ni saratani, na bila MRI daktari ama atagoma kupasua, ama atapasua akibahatisha.

Funga studio leo. Bandua hiyo picha, bandika ya kweli, kaa kando yake umwambie, "Mama, nilikifuta mimi, niliogopa." Atafoka, mwache afoke. Kisha mpigie daktari, omba nafasi ya MRI, mwende pamoja. Mle kwenye mashine ataambiwa abane pumzi na atulie, basi mfanyishe mazoezi nyumbani, si ndiyo kazi yako kuwaambia watu wasitikisike?

Mama huyo hajakuruhusu kumgusa baka la shavuni. Kwenye ini, ulimuuliza?