Mama Philomena Mwandu, Aliyejaza Risasi za Kufukuza Tembo

Mama, mwaka umezunguka tangu Jumapili ile ulipotuacha, binti yako Jenipha akiwa bado anakusuka nywele ili upate kwenda misani. Hukwenda. Ulisema umechoka kidogo, ukaegemea mto, nasi tukadhani umesinzia.

Hapa Kasoli pamba imefunguka. Watu wakikatisha uwanjani kwetu bado wanaita kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!" kama ulivyozoea kuamkiwa, kisha wanakumbuka, wanainamisha kichwa na kupita.

Tunaikumbuka mikono yako. Ilinuka mafuta ya bunduki na sabuni ya kipande, na ndiyo hiyo hiyo iliyotupikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Kazi yako ulifundishwa na baba yako, Babu Mwandu, fundi wa bunduki. Alikufundisha wewe binti kwa sababu mdogo wako, Mjomba Ngassa, hakuweza kukaa kitako mahali pamoja. Wazee wa vijiji vya jirani walikuwa na bunduki za jeshi za zamani, zilizobaki tangu vita vya Mjerumani na Mwingereza. Vibali walikuwa navyo, ila risasi zake hazikuuzwa tena popote. Basi waliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wakakuletea, nawe ukayajaza baruti upya kwa ruhusa uliyopewa na polisi.

Ulikuwa na masharti yako. Asubuhi tu, kukiwa na mwanga wa kutosha. Jiko linazimwa, redio inazimwa, watoto wanatumwa kwa jirani. Kila ganda uliliinua dirishani ukaligeuza polepole ukitafuta ufa. Likiwa na ufa hata mwembamba kama unywele, ulisema, "Hili limechoka," ukaliponda kwa nyundo ili asije mtu akalitamani.

Jirani yetu Mzee Dastan alinung'unika kila mara. "Philomena, unanimalizia maganda yangu!"

"Nimalize maganda, mzee wangu, au nikumalize wewe?" ulimjibu, naye alicheka mpaka akakohoa.

Risasi nyingi ulizojaza zilikuwa za mlio tu, zisizo na kichwa cha kuua, za kuwatisha tembo wanaotoka porini kuja kula mahindi yetu. Chache zilikuwa za kweli, kwa ajili ya fisi waliovamia mazizi. Hukupenda kuzijaza hizo, lakini ulizijaza.

Kisha ukaja ule msimu uliomchukua Baba.

Baba yetu, Januarius, alikwenda kuangalia mahindi baada ya kundi la tembo kupita. Hakujua kwamba mmoja alikuwa amebaki nyuma, anachechemea. Majirani walisikia kelele moja tu. Askari wa wanyamapori walipomfuata tembo yule na kumuua, walikuta mguu wake umeoza. Kulikuwa na chuma ndani ya kidonda. Mtu alikuwa amempiga siku nyingi kabla, akamwacha aende nacho.

Mama, tulikuona siku ile jinsi ulivyobadilika rangi. Hukula. Ulimwambia mwanao Keneth akusindikize kwa wale askari, ukawaomba wakuonyeshe kilichotolewa mguuni. Keneth anasema ulikishika kwa vidole viwili, ukakigeuza kama ulivyogeuza maganda dirishani. Kilikuwa kipande cha nondo kilichopigwa kwa gobole. Hakikutoka mezani kwako. Hapo ndipo ulipoketi chini, mbele ya askari wale, ukamlilia Baba kwa mara ya kwanza.

Njiani kurudi ulimwambia Keneth, "Si changu. Lakini kingeweza kuwa changu." Tangu saa ile hukujaza tena risasi yenye kichwa.

Wengi hawakukuelewa. Ulikuwa bado umekaa mkekani na akina mama wa msibani, binti yako Evalina yuko ubavuni kwako, Mjomba Ngassa alipoingia na wanaume wengine nyuma yake. Bunduki ya Babu ilikuwa kwake, aliirithi.

"Dada, tujazie za kweli," alisema. "Kundi bado liko kule mtoni."

"Nitawajazia za mlio."

"Za mlio? Shemeji yangu yuko kaburini, wewe unatupa kelele?"

"Ngassa, tembo yule aliumizwa na mtu kwanza. Mkiwajeruhi hawa wengine na kuwaacha, kesho watamkuta mume wa nani shambani?"

Mjomba alisogea mpaka ukingoni mwa mkeka. "Hebu nijue. Unamlilia mume wako, au unamlilia tembo?"

Wewe ulivuta kanga ukajifunika uso. Tulikasirika kwa niaba yako, Mama. Tulitaka tumfukuze. Ukatuambia kutoka ndani ya kanga, "Mwacheni. Naye amefiwa."

Mjomba aliondoka akatafuta mtu mwingine wa kumjazia. Mtu huyo alijaza bila kutazama ganda lipi zima na lipi limechoka. Risasi ya kwanza haikutoka kwenye mtutu. Bunduki ya Babu ilipasuka mikononi mwa Mjomba, ikamng'oa vidole viwili vya mkono wa kulia na kumharibu jicho la kushoto.

Habari ilipofika, matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Akina mama walikuzuia. "Mjane hatoki, Philomena. Watasema nini watu?"

"Waseme," ulijibu, huku unatafuta viatu. "Januarius angekuwa amekwisha kufika hospitali."

Ulilala chini ya kitanda cha Mjomba hospitalini mpaka alipotolewa bandeji. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetusimulia: alikuwa akikutazama kwa lile jicho moja, anangoja umlaumu. Hukumlaumu. Siku moja uvumilivu ukamshinda.

"Sema basi, Dada. Sema."

"Niseme nini? Fungua mdomo, uji unapoa."

Ulimrudisha nyumbani kwetu, siyo kwake, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumfunga vifungo vya shati. Akakaa miaka yote iliyofuata. Tembo walipokuja, yeye na Mzee Dastan ndio waliokwenda mashambani na risasi zako za mlio. Hatutadanganya kwamba zilimaliza shida. Kuna misimu tulivuna nusu ya shamba, na kuna watu walikusema sana. Lakini kitongoji chetu hakikuzika tena mtu aliyeuawa na tembo aliyejeruhiwa, na hakuna mzee aliyepasukiwa na bunduki kwa ganda lililopita mikononi mwako.

Moyo ulipoanza kukusumbua na miguu kuvimba, ulimwita Keneth na Mjomba, ukawaagiza wapeleke polisi baruti yote iliyobaki pamoja na vifaa vyako. Mjomba alihuzunika.

"Na tembo wakija?"

"Vijana watapiga madebe. Na ile pilipili ya kuwawasha tembo kwenye uzio, si wamefundishwa? Bunduki hizi zimezeeka, Ngassa. Wazee wenyewe wamezeeka. Mimi sitaki kufa nikiwaza nani anajaza."

Mzee Dastan naye akaisalimisha polisi bunduki yake. Alirudi mikono mitupu, akakaa nawe barazani mkizungumza habari za mvua.

Jumamosi, siku moja kabla hujaondoka, Mjomba alikuja akapiga magoti kando ya kitanda chako. Hatukuwahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. Sisi watoto wako wote watatu tulikuwapo.

"Dada," alisema, "lile neno nililokuambia msibani kwa shemeji. Miaka yote hii nalala nalo."

Ulikuwa unapumua kwa shida.

"Neno gani?" ukauliza.

Alijaribu kulirudia, akashindwa. Ukamshika ule mkono wenye vidole vitatu. "Mimi sina neno, Ngassa. Inuka, sakafu ina baridi."

Mama, sisi tunajua ulilikumbuka. Evalina alikuwa ubavuni kwako lilipotamkwa, na anajua jinsi lilivyoingia. Tumelizungumza mara nyingi tangu ulipoondoka, na kila mara mmoja wetu huinuka na kutoka nje. Mjomba yeye siku hizi analala vizuri.

Misa ya kukuombea itakuwa kigangoni kwetu Kasoli Jumapili hii, baadaye tutakwenda kaburini kwako na kwa Baba. Wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na watoto wako Evalina, Keneth na Jenipha. Mdogo wako Ngassa. Wakwe zako, wajukuu zako, jirani yako Mzee Dastan, na akina mama wote wa jumuiya.

Wabeja sana, Mayu; asante sana, Mama. Hatujakusahau hata siku moja, na hatutakusahau.