Dakika Ishirini Mama Alizotulia

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada Chiriku,

U mzima? Na hiyo mimba, inakupa nafasi ya kula? Shemeji hajambo? Sisi tunapumua. Mwanangu anaota meno, hataki kulala ila begani kwangu. Ukiona mwandiko umepinda, ujue amegeuka.

Nina hamu nawe mpaka nimekasirika. Ulimpigia Mama kumwambia una mimba, akajibu, "Sawa, nimesikia," akakata. Tangu hapo kimya, mwezi wa tatu huu. Najua unaamini bado ana kinyongo kwa kuwa uliolewa mbali.

Dada, Mama hajakununia. Hata mimi ninayeishi naye ananijibu hivyo hivyo. Mwanangu alipotambaa mara ya kwanza hadi miguuni pake, Mama alisogeza miguu ampishe, akaendelea kuchambua maharage. Nililia jikoni, kisha nikampeleka Mama hospitali.

Daktari aliagiza apigwe picha ya ubongo, kwenye ile mashine ya sumaku inayogonga kama mafundi wa bati. Humo hutakiwi kutikisa kichwa hata kidogo. Sasa fundi wake ni kijana mwenye adabu zake. Kila akianza anasema kwenye spika, "Shikamoo Mama, naomba utulie." Mama naye, unamjua, anaitikia marahaba na kichwa anakiinua. Picha tatu zikaharibika. Nikamwambia aache kumwamkia. Akaniuliza kama nataka apate laana kazini. Basi nikashika kipaza sauti mwenyewe, na ya nne ikatoka safi.

Ndani yake kuna doa jeupe, kama punje ya mchele. Daktari anasema ni kiharusi kidogo, kilipita bila sisi kujua. Kimegusa sehemu iliyojificha chini ya mikunjo, huioni mpaka uifunue kama pindo la shuka. Iko mpakani, kati ya ubongo wa ndani, wa njaa na hofu, na ule wa juu wa kufikiri. Mimi nimeielewa kama kizingiti: moyo ukishtuka, habari hupita hapo ndipo mtu ajue amefurahi. Kwa Mama mlango umekwama. Huenda ukalegea polepole, lakini daktari hakuniahidi.

Kwa hiyo piga simu. Kila Jumapili, hata akijibu neno moja. Usimuulize kama amekasirika. Mweleze mtoto anavyocheza tumboni. Na ukijaliwa kujifungua salama, mlete. Hapo sikubembelezi, nakuagiza.

Namkumbuka Mama, Dada, na yuko chumba cha pili.

Nilichosema kwenye kipaza sauti ni hiki. Unakumbuka alivyokuwa akisimulia kwamba ulipokuwa mchanga hulali ila kifuani kwake, naye hathubutu hata kukohoa? Nilimwambia, "Mama, Chiriku amelala. Usimwamshe."

Hakuitikia. Alikunja mikono kifuani, akatulia dakika ishirini nzima. Nakala ya picha nimeiweka humu ndani ya bahasha.

Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wako. Mungu akufungue salama, akurudishe njia uliyoendea.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba